Mzigo Usiotikisika

Mhandisi Sekela Mwaipopo alifika kwenye uwanja wa majaribio wa Nghonje, nje ya Dodoma, saa mbili asubuhi, kabla wageni hawajaanza kuingia. Hakutaka kupita mbele ya watu waliokwisha kuketi. Chini ya turubai alikuta jina lake limebandikwa kwenye kiti cha safu ya tatu. Kiti cha Dakta Nyamizi Lugoye kilikuwa mbele kabisa, kando ya kile cha Brigedia, nacho kilikuwa kimefunikwa kitambaa cheupe ili vumbi lisikiguse.

Sekela alikitazama kile kitambaa kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili.

Walikuwa wamelala chumba kimoja chuoni miaka minne. Siku zile Sekela ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani na Nyamizi wa pili, na kila matokeo yalipobandikwa ukutani Nyamizi alimkumbatia na kumpongeza bila kinyongo. Sekela alidhani dunia itaendelea kupangwa vile vile. Kisha Nyamizi akaenda ng'ambo, akarudi, akaanzisha kampuni yake, na ndani ya miaka mitano hapakuwa na afisa wa jeshi asiyelijua jina lake. Sekela alibaki kwenye karakana ya serikali akiunda mfumo wa kulinda mpaka alioupa jina la Mlinzi. Ulifungwa kwenye vituo vitatu, kisha ukasahauliwa. Mama yake, kule Tukuyu, alikuwa na desturi ya kumpigia simu: "Seke, nimemwona rafiki yako kwenye taarifa ya habari. Kapendeza kweli. Na wewe watakuonyesha lini?"

Leo mfumo wa Nyamizi, Ngao, ulikuwa unapimwa mbele ya Bodi ya Vifaa vya Ulinzi. Ukifaulu ungefukiwa kwenye mpaka wote wa Mto Lukwale, ambako kwa miaka mitatu wavamizi walikuwa wakivuka mchana kweupe, wamevaa kama wakulima, silaha zimefungwa ndani ya nguo.

"Seke!" Nyamizi alikuwa anakuja mbiombio, mikono wazi. "Nilidhani hutakuja."

"Nimeitwa na Bodi," Sekela alisema, akajiacha akumbatiwe. "Kwa ajili ya malalamiko yangu."

"Nimeyasoma." Nyamizi hakuonyesha hasira hata kidogo. "Kile kipande cha programu nilikitoa kwenye maktaba ya Bodi. Hakikuwa na jina la mtu. Ningejua ni chako ningekupigia siku hiyo hiyo. Nimewaambia waandike jina lako kwenye Ngao. Wakitaka lianze la kwako, mimi sina neno."

"Ahsante."

"Usiniambie ahsante, ni haki yako."

Sekela alirudi safu ya tatu. Kwa wiki sita alikuwa ameandika barua tano na kuwasumbua makarani wanne, akitaka ithibitishwe kwamba moyo wa Ngao umeibwa kwake. Alikuwa amejiandaa kwa vita. Sasa mwizi mwenyewe anampa kile alichokidai, anampa kwa mkono mmoja huku akitabasamu, kama mtu anayekumegea andazi lake la pili. Afadhali angemtukana.

*

Jaribio lilianza saa tatu. Watu kumi na wawili walipita kwenye njia ya vumbi yenye urefu wa nusu kilomita. Wanne walikuwa askari waliovaa kiraia, bunduki zimefichwa. Waliobaki walikuwa wanakijiji wa Nghonje: mzee na baiskeli yake, vijana wawili wenye magunia ya mkaa, wanawake watano, watatu kati yao wakiwa na watoto mgongoni.

Chini ya ile njia vilikuwa vimefukiwa visikio, vidude vya ukubwa wa kopo la kiwi, kila hatua tano kimoja. Visikio havikuona chochote. Vilisikiliza ardhi. Mtu mwenye mzigo hukanyaga tofauti na mtu mtupu, na hata mzigo una tabia zake. Mtoto akiwa mgongoni hageuki jiwe. Hunyoosha mguu, hugeuza kichwa, huvuta nguo ya mama yake, na mitikisiko ile midogo hushuka kwenye mifupa ya mama mpaka kwenye udongo. Mkaa nao hugongana ndani ya gunia, lakini bunduki iliyofungwa mgongoni haitikisiki. Sehemu ya Ngao iliyosikia tofauti hiyo iliitwa mizani ya hatua. Hiyo ndiyo Sekela aliyoitunga, akiwa peke yake, miaka mitano iliyopita.

Lakini Mlinzi wa Sekela ulikuwa unapiga kengele tu, kisha askari wanatoka na kutazama. Ngao haikumngoja mtu. Kando ya njia yalikuwapo masanduku mawili, na ndani ya kila sanduku kandege kasiko na rubani walikokaita mwewe. Visikio vikishasema "silaha," mwewe anaruka na kupiga. Leo walikuwa wamewajaza rangi nyekundu badala ya risasi.

Askari wa kwanza alipita amejiinamisha kama mgonjwa. Mwewe aliruka, akavuma kama nyuki, na kabla mtu hajahesabu tatu kifua cha askari kilikuwa chekundu. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu na wa nne pia. Mzee wa baiskeli akapita salama, akawapungia wageni mkono. Wanawake wakapita, watoto wao wakichungulia zile ndege kwa macho makubwa, mmoja analia, mmoja anapiga teke. Hakuna mwewe aliyesogea.

Brigedia Chihoma, mwenyekiti wa Bodi, alisimama akapiga makofi, na turubai zima likasimama. Alikuwa mtu mpole wa uso, aliyewahi kuwa kamanda kule Lukwale kabla ya kuletwa ofisini. "Daktari wetu," alisema, akimshika Nyamizi bega. "Ningekuwa na hiki kitu mwaka juzi, nisingezika vijana arobaini."

Sekela alipiga makofi na wengine. Mwenye wivu ajinyonge, kanga zinasema, na yeye alihisi kitanzi chake kinakaza kwa kila kofi. Aliijua vizuri hotuba ambayo angeitoa yeye kama kile kiti cha mbele kingekuwa chake. Alikuwa ameitunga zamani.

Wageni walipokwenda kunywa chai upande wa pili wa mabanda, walimzunguka Nyamizi kama siafu. Sekela hakwenda. Alibaki amekaa, na ndiyo maana yeye peke yake aliona kilichotokea.

Mmoja wa wale wanawake, mwembamba mwenye kilemba cha kijani, alikuwa amepumzika kivulini akimnyonyesha mtoto wake. Alipoambiwa gari la kuwarudisha kijijini limeegeshwa ng'ambo, alimfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko na kukata njia uwanjani. Mtoto alikuwa amelala fofofo, kichwa kimelegea, mikono inaning'inia. Hakuna aliyekuwa amezima mitambo.

Mwewe aliruka.

Sekela alisikia mlio kabla hajaelewa. Mwanamke alipepesuka, akashika magoti. Mbeleko yake ilikuwa imelowa rangi nyekundu, na rangi ilikuwa imetua pale pale penye kichwa cha mtoto.

Furaha ndiyo iliyomfikia Sekela kwanza. Ilimpanda mwilini, ya moto, tamu: imeshindwa, mashine yake imeshindwa. Ilikaa kifuani pake kwa muda wa pumzi mbili nzima, kisha mtoto akaamka na kulia, na Sekela akaanza kukimbia.

"Dada, si mlisema zamu yetu imekwisha?" mwanamke alimuuliza, akimgeuza mtoto mbele na kumfuta uso kwa kiganja. Aliitwa Nyendo. Alidhani amefanya kosa. "Mbona tena imenipaka?"

"Umeumia?"

"Sijaumia. Chalo ndiye kashtuka. Hii rangi inatoka kwa sabuni?"

"Inatoka," Sekela alisema, ingawa hakujua. "Pole, mama. Pole sana. Usipite tena huku."

Alimsindikiza mpaka kwenye gari, kisha akarudi kwenye meza ya mitambo ambayo mafundi walikuwa wameiacha. Kwenye kioo maandishi yalikuwa yanangoja: *Mzigo mfu, umefichwa mgongoni. Uhakika, asilimia tisini na saba. Piga.* Aligusa kuuliza ni sehemu gani ya Ngao iliyoamua. Jibu lilikuja mara moja.

*Mizani ya hatua.*

Alikaa chini. Mtoto aliyelala fofofo hanyooshi mguu wala havuti nguo. Mtoto aliyelegezwa na homa hafanyi hivyo pia. Kwa mizani yake, huo ulikuwa mzigo usiotikisika, na mzigo usiotikisika ni silaha.

Na Sekela alikuwa anajua. Miezi kumi na minne iliyopita Sajini Lipaluka, wa kituo kimoja chenye Mlinzi, alimwandikia barua pepe: "Mhandisi, mashine yako inawaogopa kina mama. Mwezi huu imepiga kengele mara kumi na nne kwa mama anayepeleka mtoto mgonjwa zahanati. Sisi tunatoka, tunaona ni mama, tunampisha. Haina shida kwetu, ila nimeona ujue." Mwezi ule Bodi ilikuwa inalinganisha Mlinzi na Ngao. Sekela aliisoma barua mara moja, akaifungia mahali asipoiona. Hakumjibu sajini. Angerekebisha baadaye, alijiambia, akishashinda. Hakushinda, na hakurekebisha.

*

Bodi ilikutana saa sita kwenye chumba cha mabati nyuma ya uwanja. Walikuwa watu saba mezani, Brigedia katikati, Nyamizi upande mmoja na Sekela upande wa pili. Karatasi ilikuwa imeshaandaliwa.

"Tumalize hili la malalamiko kwanza," Brigedia alisema. "Mhandisi Mwaipopo, Bodi imekubali kwamba mizani ya hatua ni kazi yako. Jina lako litawekwa pamoja na la Daktari. Weka saini hapo, tuendelee. Jumatatu mafundi wanaanza kufukia."

Kalamu ilikuwa mbele yake. Sekela hakuishika.

"Afande, kuna jambo limetokea wakati wa chai," alisema.

Akawaeleza habari za Nyendo. Akawaonyesha maandishi ya mitambo aliyokuwa ameyachapisha, ila ukurasa wa kwanza tu, ule usiotaja mizani. Nyamizi aliivuta karatasi, akaisoma, na uso wake ukabadilika rangi.

"Mtoto gani? Yuko wapi?" aliuliza.

"Mzima. Ilikuwa rangi."

"Imetoka wapi hitilafu hii?" Brigedia aliuliza.

Hapa Sekela alipata nafasi ambayo hakuwahi kuiota. Aliiona yote kwa mara moja, kama njia iliyofyekwa.

"Nafuta malalamiko yangu," alisema. "Nimeutazama mfumo kwa karibu leo. Ile mizani iliyomo ndani ya Ngao si yangu. Yangu ilikuwa tofauti. Kilichomo humo ni cha Dakta Lugoye."

Nyamizi aligeuka akamtazama. Hakukuwa na hasira machoni pake, bali mshangao wa mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Kisha akawaelekea wajumbe.

"Sijui kama ni tofauti, na sitabishana juu ya hilo sasa," alisema polepole. "Ngao ni yangu. Mimi ndiye niliyewaleta wale kina mama hapa na mimi ndiye sikuwahi kumpima mtoto aliyelala. Kosa ni langu. Naomba muda nirekebishe."

"Muda gani?"

"Miezi sita. Labda minane."

Brigedia alivua miwani. "Daktari, kila wiki tunayochelewa naletewa majeneza. Miezi minane siwezi." Akamgeukia Sekela. "Mlinzi wako, umefanya kazi muda gani kule?"

"Miaka miwili, afande."

"Mfumo wenyewe umewahi kumdhuru raia?"

"Hapana."

"Una kasoro hii?"

Nyamizi alikuwa anamtazama. Wajumbe wote walikuwa wanamtazama. "Hauna," Sekela alisema.

"Basi tunaacha Ngao. Tunachukua Mlinzi, tunaufungia mwewe, tunautandaza mpaka wote." Brigedia alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayehamisha kiti. "Jumatatu iko pale pale. Mhandisi, utausimamia wewe mwenyewe. Kila kitu utakachohitaji utapewa. Hongera."

Mjumbe mmoja alimpa mkono. Mwingine akasogeza kiti ili amwone vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu chuoni, Sekela alikuwa wa kwanza na Nyamizi wa pili, na Nyamizi, ambaye hakujua kuwa mtu wa namna nyingine, alisema kwa sauti iliyokwaruza, "Hongera, Seke."

Sekela alifungua mdomo kuitikia. Badala ya neno, ilimjia ile njia ya zahanati kule Lukwale, ambayo aliwahi kuipita siku walipofunga Mlinzi. Kina mama waliipita alfajiri na mchana, wamejifunga watoto wa homa. Sajini aliwahesabu kumi na wanne kwa mwezi mmoja, katika kituo kimoja. Kwa Nyendo ilikuwa rangi.

"Afande," alisema. "Si kweli."

"Nini si kweli?"

"Mlinzi una kasoro hiyo hiyo. Ni mizani ile ile, neno kwa neno. Niliiandika mimi. Haijawahi kumdhuru mtu kwa sababu askari walikuwa wanatoka kutazama." Aliifungua barua ya sajini kwenye kishikwambi chake, akakisukuma katikati ya meza. "Nimejua kwa miezi kumi na minne. Nilinyamaza ili nisishindwe. Na sasa hivi nimewadanganya ili yeye ashindwe."

Kishikwambi kilipita mkono kwa mkono. Kilipomfikia Nyamizi, aliisoma barua mara mbili.

"Ulikuwa na hii mwaka mzima," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi najenga juu yake."

"Ndiyo."

"Ungeniambia tu, Seke. Ningekuja na mkeka nikalala pale karakana tukairekebisha wote."

"Najua," Sekela alisema. "Ndiyo maana sikukuambia."

Nyamizi alisukuma kiti nyuma, akatoka nje. Brigedia aliichana ile karatasi ya saini vipande viwili na kuviweka mezani vikiwa sambamba. Alimwambia Sekela aache kitambulisho chake mlangoni.

*

Uchunguzi ulichukua miezi mitatu. Sekela aliondolewa kwenye utumishi wa ulinzi, akarudi Tukuyu kuishi na mama yake na kufundisha hesabu katika chuo cha ufundi. Mlinzi ulizimwa katika vituo vyote vitatu. Katika mwezi wa tano baada ya kikao kile, wavamizi waliingia katika kituo kimojawapo wakiwa wamevaa kanzu za msiba. Askari kumi na mmoja walikufa. Brigedia alimtumia Sekela majina yao, bila barua, bila salamu. La nne lilikuwa la Sajini Lipaluka.

Sekela aliyasoma mpaka akayajua kwa moyo. Kuna siku aliamini amewaua yeye kwa kusema. Siku nyingine aliamini amewaua kwa kunyamaza, kwamba lau barua ile ingejibiwa siku ileile, Ngao salama ingekuwa imeshafukiwa. Hakupata siku ambayo aliamini hakuwaua.

Mwezi wa saba, Nyamizi alipiga simu. Hakuuliza hali.

"Nimemaliza," alisema. "Inasikia pumzi ya aliyelala. Na mwewe hapigi mpaka mtu mwenye macho atazame na kukubali. Hilo nimelisimamia mpaka likaingia kwenye kanuni. Bodi inataka mkaguzi wa nje kabla ya kuipitisha. Nimekutaja wewe."

"Mimi? Baada ya yale?"

"Kwa sababu ya yale. Wataalamu wote walioipitia wananipenda. Wanatazama juu juu, wanapiga makofi. Mimi namtaka mtu atakayelitafuta kosa langu kama anayetafuta maji jangwani. Simjui mwingine zaidi yako."

Sekela alichungulia dirishani. Mama yake alikuwa uani anaanika majani ya chai, akijifanya hasikii.

"Umenisamehe?" Sekela aliuliza.

"Sijasema hivyo. Nimesema njoo ukague."

Alikwenda. Alifanya kazi siku kumi kwenye uwanja wa Nghonje, toka jua linachomoza mpaka linazama, na alifanya kwa nia ile ile mbaya aliyoijua vizuri. Alipitisha kina mama wenye pacha, wazee waliobebwa kwenye machela, mlemavu mwenye mguu wa mti, msichana mwenye mimba ya miezi minane. Siku ya pili alipata kosa, na moyo ukamruka kwa shangwe. Nyamizi akalirekebisha bila neno. Siku ya sita akapata jingine. Siku ya saba alimpitisha mtoto aliyelala chini ya mvua ya bomba, na siku ya nane mtoto aliyelala juu ya gunia lenye bunduki, akitumaini, akitumaini kweli, kwamba Ngao itajikwaa. Ilimtenga mtoto na bunduki kama mtu anayechambua mchele.

Siku ya kumi hakupata kitu. Alirudia kutoka mwanzo, hakupata kitu. Ilikuwa kazi safi, safi kuliko yoyote aliyowahi kuifanya yeye, na kuijua hivyo kulimuuma mpaka akalazimika kuiinamia meza kwa muda.

Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameifumbata, anangoja.

"Je?" aliuliza.

Sekela alivuta karatasi ya ukaguzi, akaandika kwamba mfumo uko salama, akatia saini, akampa.